Zello na desturi yetu ya kujibu "salama": tathmini baada ya kimbunga Beryl

Zello huigeuza simu ya mkononi kuwa simu ya upepo. Unabonyeza kitufe, unasema, unaachia, na kila aliye kwenye chaneli yako anakusikia papo hapo. Asiyekuwapo wakati huo huikuta sauti yako imehifadhiwa na kuisikiliza baadaye. Kampuni inayoitengeneza ina makao yake Austin, Texas. Toleo la watu binafsi ni la bure, na wanaolipia ni kampuni za usafirishaji, hoteli na ulinzi, ambazo mahitaji yao hayanihusu hapa. Ninaitathmini kwa kazi moja tu, nayo ni kujuliana hali baada ya kimbunga, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ambayo kikundi chetu cha kaya 41 zinazozungumza Kiswahili, hapa Houston na vitongoji vyake, kimeipa tangu Julai 2024.

Hatukuichagua kwa kupenda vitu vipya. Tuliichagua baada ya kugundua kwamba, katika kikundi chetu cha WhatsApp ambacho kwa misiba, harusi na michango hakina mshindani, tulikuwa tumedanganyana kwa siku mbili bila mtu yeyote kukusudia.

Kimbunga Beryl kiliingia Texas alfajiri ya Jumatatu, tarehe 8 Julai 2024, karibu na Matagorda, kikiwa cha daraja la 1, la chini kabisa kati ya madaraja matano ya nguvu za vimbunga. Wiki moja kabla yake kilikuwa kimeipiga Carriacou, kisiwa cha Grenada, kikiwa cha daraja la 4, kisha kikapanda hadi daraja la 5, mapema kuliko kimbunga chochote kilichowahi kurekodiwa katika msimu wa Atlantiki. Kwa hiyo kilipotufikia kikiwa kimepungua nguvu, wengi wetu tulijiona tumepona. Upepo uliangusha miti juu ya nyaya, na nyumba na biashara zaidi ya milioni 2 zikakosa umeme, baadhi yake kwa zaidi ya wiki, katikati ya joto la Julai. Ramani ya mtandaoni iliyopaswa kuonyesha mitaa iliyozimika ilikuwa haipatikani tangu dhoruba ya mwezi Mei, na wakazi wa jiji hili, kwa ubunifu unaochekesha na kusikitisha kwa pamoja, wakawa wanafungua programu ya mikahawa ya Whataburger: penye nembo ya rangi ya chungwa mkahawa umefunguliwa, na kwa hiyo huenda mtaa ule una umeme, penye nembo ya kijivu, giza.

Mchana wa Jumatatu hiyo majibu yalimiminika kwenye kikundi. "Salama." "Tuko salama, tunamshukuru Mungu." "Salama kabisa, ninyi je?" Aliyekuwa akihesabu alipata kaya 38 kati ya 41, na kufikia jioni tulijiona tumemaliza kazi. Msomaji aliyelelewa katika lugha hii anajua kilichokosekana. Kwetu "salama" si taarifa, ni adabu. Mtu huulizwa habari za nyumbani akajibu "nzuri" ilhali ana mgonjwa kitandani, na baada ya kupumua kidogo ndipo anapoongeza "ila". Hatujambo, ila mtoto ana homa. Nzuri, ila mvua imekataa. Habari yenyewe katika salamu zetu hukaa baada ya "ila", na anayeharakisha salamu huondoka mikono mitupu. Ujumbe wa maandishi wa neno moja hauna nafasi ile ya kupumua.

Mmoja wa waliojibu "salama" ni mama mtu mzima anayeishi peke yake kusini-magharibi mwa jiji. Jumatano, tarehe 10, kijana mmoja wa kikundi ambaye amekuwa akitumia Zello tangu kimbunga Harvey cha mwaka 2017 alifungua chaneli ya faragha, akatuelekeza namna ya kujiunga, na akaanza kuita majina. Mama alisaidiwa na mtoto wa jirani kuipakua programu. Zamu yake ilipofika aliamkiwa, akajibu kwa sauti yake ya siku zote: "Marahaba mwanangu, sijambo." Kisha kitufe kikabaki kimebonyezwa, tukamsikia akivuta pumzi. "Sijambo, ila friji limezima tangu juzi, na zile sindano zangu za sukari sijui kama bado zinafaa." Ndani ya nyumba yake joto lilikuwa limezidi nyuzi 30, kiwango ambacho insulini haipaswi kukivuka. Familia moja ya kitongoji cha Katy iliyokuwa na umeme ilimfuata kabla ya saa sita mchana.

Sidai kwamba ni Zello iliyomsaidia. Simu ya kawaida ingemfikia vilevile, endapo kuna mtu angempigia na kumngoja amalize salamu. Ninachodai ni kwamba sauti hubeba "ila", na kwamba chombo kinachowalazimisha watu wasemezane mmoja mmoja huku wengine wakisikiliza kinaelewana na desturi zetu kuliko kitufe cha kijani.

Kitufe ninachokisema ni kile cha Facebook kiitwacho Safety Check, kilichoanzishwa Oktoba 2014 na kujulikana zaidi baada ya tetemeko la ardhi la Nepal la Aprili 2015. Kwa familia iliyo mbali, manufaa yake ni makubwa: aliye kwenye maafa hubonyeza mara moja, na ndugu wa Mwanza, Mombasa na Bukavu wakapata habari bila yeye kumaliza chaji kwa kupokea simu thelathini. Lakini hujibu swali la saa ile tu. Tetemeko linapoangusha jengo, swali la saa ile ndilo swali lote, au karibu lote. Kimbunga kama Beryl huua kwa mwendo mwingine. Miongoni mwa vifo vilivyotokea Houston vimo vya watu waliozidiwa na joto ndani ya nyumba zisizo na umeme wakati upepo ulikuwa umekwisha kutulia, na kila msimu mamlaka za afya hulazimika kuonya upya juu ya moshi wa jenereta, wenye kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu. Aliyebonyeza "niko salama" siku ya Jumatatu hakusema uongo. Alikuwa salama Jumatatu.

Zello yenyewe haikupata jina kwa kujuliana hali bali kwa uokoaji. Kimbunga Harvey kilitua Texas tarehe 25 Agosti 2017 kikiwa cha daraja la 4, kisha kikazubaa kwa siku kadhaa kikimwaga mvua juu ya Houston na maeneo ya jirani. Nederland, mji ulio mashariki yetu, ulipimwa zaidi ya milimita 1,500. Simu za dharura zilizidiwa, na watu waliokwama majumbani waligeukia chaneli za Zello, ambako wenye mashua walikuwa wakisikiliza, wakiwemo wale wa kujitolea kutoka Louisiana wanaojulikana kama Cajun Navy, jina lililozaliwa wakati wa kimbunga Katrina mwaka 2005. Aliyekwama alitaja anwani, idadi ya watu, wazee na watoto. Msimamizi wa chaneli, ambaye huenda alikuwa ameketi katika jimbo jingine kabisa, aliandika na kumkabidhi kazi mwenye mashua aliye karibu. Utaratibu huo wa kuwa na mtu mmoja anayeandika ndio tulioiga, na naona una thamani kuliko programu yenyewe.

Nasema hivyo kwa sababu Zello haina daftari. Itakuonyesha watu wangapi wako hewani, na itakuhifadhia sauti zao, lakini haina mahali panapoonyesha nani ameitika leo na nani bado. Kwa kazi yetu hilo ni pengo kubwa, kwani katika kujuliana hali anayetakiwa kutafutwa ni yule aliyenyamaza, na mfululizo wa sauti hauonyeshi ukimya. Tumeliziba kwa daftari la shule. Msoma majina wa zamu hulipiga mistari: jina, saa, maji, umeme, dawa, na safu ya mwisho, pana kuliko zote, imeandikwa "Ila". Majina husomwa saa moja asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Asiyeitika mara mbili mfululizo hufuatwa na gari la kaya iliyo karibu naye, na hakuna anayeruhusiwa kumjibia mwenzake kwa kusema "jana nilimwona".

Msoma majina haulizi "habari?". Anauliza umelala wapi, maji ya kunywa yaliyobaki yanatosha siku ngapi, nyumbani kuna dawa inayohitaji ubaridi, na nani mwingine yumo ndani. Mwenye jenereta anaulizwa imekaa wapi, na akisema ipo barazani au gereji anaombwa aitoe nje kabisa, angalau mita 6 kutoka kwenye mlango au dirisha, kabla zamu haijaendelea. Wiki ile ya Julai tuliwakuta wawili walioiweka gereji huku mlango wa gereji ukiwa wazi, wakiamini uwazi huo unatosha. Wote wawili walikuwa wameandika "salama" Jumatatu.

Kwenye chaneli huzungumza mtu mmoja kwa wakati mmoja, sifa ambayo ni neema na adha kwa pamoja. Ni neema kwa kuwa hakuna kelele za watu kukatizana, na anayesema husikilizwa hadi mwisho. Adha yake tuliionja siku ya kwanza, tulipotumia dakika 50 kusoma majina 41, na nakisia nusu yake ilikuwa shikamoo na marahaba, kwa kuwa msoma majina alimwamkia kila mkubwa, na kila mkubwa akaitikia na kuuliza kama watoto hawajambo. Wenzetu wa kutoka Kivu, ambao kwao "jambo" moja hutosha, walituvumilia kwa ustaarabu. Baadaye tulikubaliana kwamba msoma majina ataamkia mara moja kwa niaba ya vijana wote, na mkubwa mmoja ataitikia kwa niaba ya wakubwa. Wazee waliridhia baada ya majadiliano marefu, ambayo nayo yalifanyika kwenye chaneli. Muda ukashuka hadi dakika 20.

Kasoro kuu ya programu hii ni kwamba bila intaneti haifanyi kazi. Wengi hawalijui hilo hata leo. Septemba 2017, kimbunga Irma kilipokuwa kikiikaribia Florida, uvumi ulienea kwamba Zello hufanya kazi hata mtandao ukikatika. Watu waliipakua kwa wingi mno ikapanda hadi nafasi ya kwanza katika duka la programu la Apple, na kampuni yenyewe ikalazimika kueleza hadharani kwamba sivyo. Pengine hata mimi ninachangia kosa hilo kwa kuiita simu ya upepo, maana simu ya upepo halisi huzungumza na mwenzake moja kwa moja hewani, ilhali Zello hupitia mnara au Wi-Fi kama programu nyingine yoyote. Wakati wa Beryl mtandao wa simu katika mitaa yetu ulikuwa ukienda na kurudi, na sauti fupi za Zello zilipenya pale ambapo simu ya video isingewezekana. Hiyo ilikuwa bahati ya kimbunga kile. Haitakuwa hivyo kila mara.

Mfano ni Puerto Rico. Kimbunga Maria kilipoipiga tarehe 20 Septemba 2017, minara ya simu 95 kati ya kila 100 ilizima. Katika hali hiyo programu ya simu, iwe ya bure au ya kulipia, ni pambo. Msalaba Mwekundu wa Marekani uliomba waendesha redio za ridhaa 50, yaani watu binafsi wenye leseni ya kuwasiliana kwa redio zao wenyewe bila kupitia minara ya simu, kupitia chama chao cha kitaifa, wakapelekwa 22, na miongoni mwa kazi zao ilikuwa kurusha nje ya kisiwa majina ya watu waliotaka jamaa zao wajue kwamba wako hai. Orodha ya majina, jina baada ya jina, kwa mawimbi ya redio. Nilipoisoma habari hiyo nililitazama daftari letu la shule kwa heshima zaidi. Wawili katika kikundi sasa wanajisomea mtihani wa leseni ya redio za ridhaa, ambayo hapa Marekani haihitaji tena kujua alama za Morse, na nikiulizwa fedha za kikundi ziende wapi kwanza, nitasema huko, kabla ya programu yoyote.

Helene nayo imenilazimu kupunguza ukali wa hoja yangu kuhusu sauti. Kimbunga hicho kilitua Florida usiku wa tarehe 26 Septemba 2024 kikiwa cha daraja la 4, na mvua zake zikaleta mafuriko makubwa katika milima ya magharibi ya Carolina Kaskazini, karibu na Asheville, mamia ya kilomita kutoka pwani, ambako minara mingi ya simu ilinyamaza. Siku kumi tu kabla yake Apple ilikuwa imetoa iOS 18, toleo jipya la mfumo unaoendesha simu za iPhone, na wenye iPhone 14 au toleo la baadaye waliokwisha kuiweka waliweza kutuma maandishi kupitia setilaiti, mradi wasimame mahali ambapo anga iko wazi. Hakuna sauti hapo. Kuna maandishi mafupi, yanayokwenda polepole. Kwa aliyekwama mlimani, maandishi hayo yana thamani kuliko chaneli yetu yote. Kwa hiyo tumewekeana kanuni kwamba atakayelazimika kuandika haruhusiwi kuishia kwenye "salama". Lazima aandike "ila" na kitu baada yake, hata kama kitu chenyewe ni "ila sina mkaa".

Kuhusu faragha, nawasihi watakaoijaribu wafungue chaneli yenye nywila na wasitumie ile ya wazi. Wakati wa Harvey chaneli za wazi zilikuwa na sababu, kwa kuwa mwenye mashua angeweza kuwa mtu yeyote. Katika kujuliana hali, mama anayeishi peke yake hapaswi kutangaza kwa wasiomjua kwamba hana umeme, kwamba mlango wake umeharibika, na nambari ya nyumba yake. Kuhusu chaji, programu ikiachwa hewani mchana kutwa hula betri kwa kasi, jambo linaloumiza pale ambapo chaji yenyewe inatoka kwenye gari na petroli ina foleni. Sisi huingia hewani dakika tano kabla ya zamu na kutoka baada yake. Anayekosa husikiliza sauti zilizohifadhiwa.

Jambo jingine nililipenda bila kulitarajia. Miezi miwili kabla ya Beryl, tarehe 4 Mei 2024, sisi ndio tuliokuwa tukiuliza na nyumbani ndiko kulikokuwa na upepo: kimbunga Hidaya kilikuwa kimefika Mafia, na waliokuwa na jamaa huko walikesha na simu. Julai mambo yakageuka. Ndugu walio Dar es Salaam, ambako saa moja jioni ni saa tano asubuhi yetu, waliomba kuingizwa kwenye chaneli wasikilize tu, bila kusema. Tulikubali kwa kusita, tukiogopa msongamano, lakini wakawa hodari kuliko sisi, maana walikuwa na umeme, mtandao na muda. Mmoja wao ndiye aliyegundua, kwa kusikiliza upya sauti za asubuhi, kwamba kaya moja ilikuwa imetajwa mara mbili na nyingine kurukwa.

Nikilazimishwa kutoa nyota, kwa mafuriko ya aina ya Harvey ningeipa Zello nne kati ya tano, kwa siku za joto na giza baada ya Beryl tatu, na kwa kisiwa kilichopoteza minara yake sina nyota ya kuipa. Daftari la shule lingepata tano, ila haliuzwi kama programu.

Jumapili, tarehe 1 Juni 2025, siku ambayo msimu wa vimbunga hufunguliwa rasmi na kuendelea hadi mwisho wa Novemba, tulifanya jaribio. Kati ya kaya 41, ziliitika 33. Kati ya nane zilizobaki, tano zilikuwa zimebadilisha simu na kusahau nywila, mbili zimehamia Dallas bila kutuaga, na moja ilikuwa kanisani. Msoma majina wa zamu alikuwa mama wa sindano za sukari; alimaliza kwa dakika 31, kwa kuwa hakukubali kumwacha mtu yeyote aliyesema "sijambo" bila kumngoja kidogo. Tutarudia jaribio Jumamosi.